Manahodha Wawili Bwawani Masinga

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, upande wa Mbeere, Embu, mvuvi afungaye kishikwambi mashuani huwa amempakia nahodha wa pili. Kifaa hicho hakihitaji mtandao wa simu kujua kilipo. Hutegemea ishara za setilaiti zisizopungua nne. Hufungwa imara, ndani ya mfuko usiopenya maji, kivulini, na mbali na dira, kwani sumaku ya spika yake huipotosha.

Hata hivyo, ramani ikishachorwa hutulia, ilhali maji hayatulii. Mwaka 2009 ukame uliyapunguza hata mitambo ya umeme ikazimwa. Mei 2024 bwawa lilifurika. Kisiki kilichokuwa nchi kavu sasa kimefunikwa, na kioo kinaonyesha buluu tupu. Kiboko naye hayumo ramanini. Ubao ukitoboka usiku, kinachopotea ni roho ya mtu.

Basi kishikwambi na kimwonyeshe mvuvi upande uliko ufuko. Kina cha maji aupime kwa upondo wake mwenyewe.