Choo Cheusi Hatukukiuliza



Sisi walimu wanawake wa shule moja hapa Bukavu tuna mwenzetu ambaye tumbo lilimsumbua karibu miaka mitatu. Lilimwaka juu ya kitovu, zaidi sana usiku, akiwa na njaa. Kila mmoja wetu alikuwa na shauri lake. Acha pilipili. Kunywa maji ya kabeji. Ni mawazo tu, mshahara umechelewa. Na kwa sababu magoti yalimuuma kwa kusimama ubaoni, tulimgawia ibuprofeni kutoka mikoba yetu. Hilo tunaliandika kwa haya.

Kisha akaanza kwenda choo cheusi kama lami. Hakusema, alidhani ni sombe. Siku alipoanguka mbele ya wanafunzi ndipo tulimpeleka hospitali. Daktari aliuliza kwanza rangi ya choo. Choo cha namna ile mara nyingi ni damu inayotoka juu, tumboni, na kugeuka rangi njiani. (Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito navyo hufanya choo cheusi, lakini mama asijiamulie peke yake.)

Akaagizwa fibroskopi. Zamu ya likelemba ya mwezi ule tukampa yeye. Aliogopa sana. Hakula tangu usiku, akapuliziwa dawa ya ganzi kooni, akalala ubavu wa kushoto. Mpira mwembamba wenye taa na kamera ukapita mdomoni. Alitapika hewa, machozi yakamtoka, lakini pumzi haikukatika, kwa kuwa mpira unapita njia ya chakula. Baada ya dakika chache ilikuwa imekwisha.

Kamera iliona kidonda mwanzo wa utumbo mdogo. Daktari alichukua pia vipande vidogo vya nyama ya tumbo, bila maumivu, na maabara ikakuta kijidudu kinachoitwa Helicobacter pylori. Kijidudu hicho, pamoja na dawa kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, ndivyo vinavyoleta vidonda vingi vya tumbo. Pilipili yetu ilisingiziwa bure! Hata madaktari walilaumu mawazo zamani, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipokitambua kijidudu hicho. Marshall alikinywa mwenyewe mwaka 1984 ili kuthibitisha, na mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel.

Mwenzetu alipewa antibiotiki mbili na omeprazoli kwa siku 14. Siku ya tano maumivu yalipoisha alitaka kuacha, tukamkatalia. Tulikuwa tukimuuliza kila asubuhi kabla ya kengele kama amemeza. Mwezi mmoja na zaidi baadaye alipimwa tena, kijidudu hakikuonekana.

Sasa katika chumba cha walimu anayeshika tumbo anaulizwa rangi ya choo chake. Mara ya kwanza tulicheka wote, isipokuwa mmoja. Yeye anaenda fibroskopi Jumanne, na likelemba imeshampa zamu.