Biashara Yataka Akili Iliyotulia

Tukiuliza kwa nini biashara ya fulani ilikufa, mara nyingi twajibiwa: mtaji ulikuwa mdogo. Ni kweli, mtaji mdogo ni shida. Lakini hapa Lubondja twajua watu wawili walioanza na gunia moja moja la karanga, soko lao lile lile la Baraka, njia yao ile ile mbovu. Leo mmoja ana duka. Mwenzake hana hata gunia tupu. Tofauti yao si nguvu za mikono. Yule wa kwanza kabla ya kununua alijua bei ya karanga, malipo ya pikipiki, ushuru wa njiani, na kiasi atakachorudi nacho. Wa pili juma hili aliuza karanga, juma lililofuata mafuta ya mawese, kisha akasikia habari za dhahabu ya Misisi akaondoka. Kila kazi aliiacha kabla haijamfundisha kitu.

Tukisema akili iliyotulia hatusemi kukunja uso na kuwaza sana. Ni kushika jambo moja mpaka liishe, na kujua kwa hesabu limefika wapi. Sokoni jambo hili laonekana upesi. Mnunuzi hukulipa nusu kwa faranga, nusu kwa dola. Bei ya dola ya asubuhi si lazima iwe ya jioni. Na noti ya dola iliyochanika kidogo tu, wengi wataikataa. Muuzaji mwenye simu sikioni na macho barabarani huwaachia wengine faida yake, wala hajui ilipotelea wapi.

Je, akili ya namna hii yaweza kufundishwa? Huko Lomé, nchi ya Togo, wataalamu waliwachukua wenye biashara ndogo 1,500, wakawagawa mafungu matatu. Fungu moja halikupata mafunzo. La pili lilifundishwa hesabu na mambo ya kawaida ya biashara. La tatu lilifundishwa kuanza jambo bila kusukumwa, kujiwekea shabaha, kupanga hatua, na kutoacha njiani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: faida ya fungu la tatu ilipita ya wasiofundishwa kwa 30 hivi katika mia, lakini mafunzo ya kawaida hayakuleta ongezeko la kuonekana wazi. Hatusemi hesabu haina kazi. Twasema daftari halijiandiki lenyewe.

Sasa tufike penye ugumu. Mtu wa Fizi atatuambia: "Mwalimu, nilikimbia mwaka 1996, nikakimbia tena 1998, na baadaye pia. Kupanga mwaka mzima ni kazi ya watu wanaolala usingizi." Hatumcheki. Wasiwasi hula akili kama mchwa walavyo boriti. Huko Tamil Nadu, nchi ya India, wakulima wa miwa 464 walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa hawana kitu, wakapimwa tena baada ya mavuno. Watu wale wale walifanya vizuri zaidi walipokuwa na fedha. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2013. Basi anayemwita maskini mvivu wa kufikiri hamjui. Akili anayo, ila imeshikwa na deni, na ada ya mtoto, na mlio wa risasi wa jana.

Kwa hiyo haitoshi kumwambia mtu "kaza moyo" na kumwacha. Afadhali apate wa kumsaidia kuubeba wasiwasi huo. Katika Kivu yetu wako: wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, tunachokiita AVEC. Utaratibu wake ulianzia Niger mwaka 1991. Sanduku moja, kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu mbalimbali. Kila mkutano mwanachama hununua hisa, moja mpaka tano. Mzunguko ukiisha, karibu mwaka, hugawana. Linalotupendeza kuliko yote ni hili: kabla ya kufunga sanduku fedha huhesabiwa mbele ya wote, na wanachama huambiwa washike jumla kichwani. Mkutano ufuatao huulizwa: tuliacha ngapi? Hata asiyejua kusoma hujibu.

Wengine husema sanduku laweza kuporwa. Laweza. Ndiyo sababu kikundi chenye busara hukopesha upesi, ili zibaki chache ndani.

Mama mmoja wa kikundi cha hapa huuza unga wa muhogo, unga tu. Tulimwuliza: "Mama, mbona huweki na chumvi mezani? Watu wanaitafuta."

"Mwalimu," akajibu, "mwaka huu nataka mabati ishirini. Nimepiga hesabu kwa unga. Chumvi nitaitazama nyumba ikiisha kuezekwa."

Tunapoandika haya, hisa zake zimefikia bei ya mabati kumi na matatu.