Ukungu Si Uzee

Wengi huamini kwamba picha ya kale sharti iwe na ukungu na chengachenga, kana kwamba jua la siku zile lilikuwa hafifu kuliko la leo. Imani hiyo yafaa ichunguzwe, hasa kwetu sisi wa Tabora, maana sura za wazee wetu waliobeba mizigo katika njia ya misafara, toka Bagamoyo hadi Ujiji, twazijua kwa picha chache tu.

Kijana mmoja mpiga picha alitujia kutaka maneno ya kuandika katika maonyesho yake. Anayo kamera kubwa ya miguu mitatu, itumiayo filamu ya inchi 4 kwa 5. Alilalamika kwamba picha alizopiga Kwihara, penye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, zimetoka safi mno, hazina ukale.

Sababu yake ni nyepesi. Chenga ni punje za madini ya fedha zilizomo katika filamu, nazo hudhihirika picha inapokuzwa sana. Filamu ya milimita 35 hukuzwa kama mara nane ili ijaze karatasi ya inchi 8 kwa 10. Hiyo kubwa hukuzwa mara mbili tu. Atakaye chenga na atumie filamu inyakuayo mwanga upesi, aisafishe kwa dawa kali, kisha achukue kipande chake kidogo na kukikuza sana.

Walakini, wapiga picha wa zama za Wajerumani walitumia vioo vikubwa, ambavyo mara nyingi vililazwa juu ya karatasi bila kukuzwa hata kidogo. Picha zao bora zilikuwa kali, hata shanga shingoni zahesabika. Ukungu tuuonao vitabuni umeletwa baadaye na nakala ya nakala, na nukta za mitambo ya chapa. Kasoro ya vioo vile ilikuwa nyingine: havikuitambua rangi nyekundu. Basi mbingu ilitoka nyeupe tupu, na udongo wetu mwekundu, pamoja na ngozi za watu, ukatoka mweusi kupita kiasi. Kichujio cha buluu mbele ya lenzi chaweza kuirudisha hali hiyo leo.

Jambo hili si la ufundi peke yake. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetembea miezi na pembe za ndovu begani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, amebaki vitabuni hana macho wala jina. Kioo kilimtia weusi usio wake. Chapa ikamfuta uso. Tukimwongezea chenga za makusudi, tutakuwa tumemfunika mara ya tatu.

Tulimshauri kijana aziache picha zake zilivyo. Wazee wetu hawakuishi ukunguni. Waliishi juani, na anayetaka kuwaheshimu na atafute nakala iliyo karibu zaidi na jua hilo.