Usitie Saini Kwanza

Mwanangu,

Huku Jambiani sote wazima. Kaka yako homa imemwachia, na mjukuu wake ameanza skuli. Ninalokuandikia ni jingine. Watu wa daladala wamenishushia habari ambayo ilikuwa haki yangu niisikie kinywani mwako: kwamba ukistaafu mwezi wa saba, nyumba yako ya huku unamkodisha mwekezaji kwa miaka mingi, nawe unahamia Muscat kwa binti yako moja kwa moja. Kumtembelea mwanao, nenda, ukae hata Ramadhani nzima. Hilo la moja kwa moja ndilo linaloninyima usingizi.

Nina shoga yangu tuliyesomesha naye skuli moja tangu ujana. Darasa la kwanza lilikuwa lake. Wavuvi wengi wa hapa yeye ndiye aliyewashika mkono wakaandika majina yao. Alipostaafu alifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya wewe. Alikwenda kwa mwanawe, Muscat hiyo hiyo, na mwanawe ni mtoto mwema: chumba chenye kiyoyozi, chakula, dawa, hakukosa kitu. Lakini asubuhi mke na mume wanakwenda kazini, wajukuu wanachukuliwa na basi, yeye anabaki na televisheni mpaka alasiri. Kiangazi cha kule joto linapita nyuzi 40, huwezi kukaa barazani, na baraza yenyewe haipo. Jirani hamjui jina. Kwenda dukani mpaka apelekwe kwa gari. Siku moja akanipigia simu: “Mwenzangu, leo tangu niamke hakuna aliyeniuliza kitu.” Mwanamke ambaye hapa hafiki dukani bila ya kusimamishwa njiani na watu wenye mambo yao! Akaanza kulala mchana, akaanza kutojua adhuhuri ameisali au bado. Aliporudi, nyumba yake ilikuwa mikononi mwa mpangaji na mkataba haujesha. Sasa anakaa chumba cha uani kwa mdogo wake. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Aliondoka hana kazi ya kwenda kufanya, na hakujiachia pa kurudia.

Na wewe nyumba hiyo umeijenga kwa mshahara wa ualimu, tofali baada ya tofali. Nilikuwa nikiwasimamia mafundi wako.

Mie nilipostaafu, baba yako aliniambia nikae kitako, kama alivyoniambia niache kazi nilipoolewa. Mara zote mbili sikumsikiliza, Mungu amrehemu, na kusoma nilimfundisha mimi. Wanawake wenzangu wakaniteremsha pwani. Mwani ulianza kulimwa ukanda wetu huu mwaka 1989, nami miaka yote nilikuwa nikiwaona wakulima kutoka darasani tu. Basi bamvua likawa ndiyo kengele yangu ya skuli: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa mbali, tunashuka kufunga mbegu na kuvuna, yakiwa maji mafu tunasuka ukili na kushona kofia. Fedha si nyingi. Mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, unakufa maji yakipata joto, basi twapanda wa spinosamu. Mgongo ulipokataa kuinama majini, nikahamia kwenye sabuni ya mwani na daftari la kikundi chetu, na daftari hilo halijapoteza shilingi. Alhamisi nakwenda darsa. Uzeeni ndiyo nimeisoma Qur’ani kwa tajwidi sawasawa.

Usiniambie umri. Bi Kidude, mwimbaji wetu, alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na aliendelea kuimba miaka kadhaa baadaye. Sikutumi ngomani, nataka uone kuwa mwanamke hamaliziki siku anayokabidhi ofisi. Na wale wazee wa hapa ambao hawajapata kuajiriwa, walioshika fedha ya kila mwezi kwa jina lao Pensheni Jamii ilipoanza 2016, shilingi 20,000 kwa mwenye miaka 70 au zaidi, hawakuwa wamekaa wakiingoja. Walikuwa na mikeka yao na kikoba chao. Wewe una pensheni, una elimu, una afya. Utakwenda kuyafungia yote hayo ghorofani?

Kiinua mgongo usimkopeshe mtu, hata kaka yako. Presha uipime kila mwezi. Kikobani usijitoe.

Binti yako akihitaji msaada wa watoto, mwambie awalete wakati wa likizo, wajue na kuogelea. Akikasirika, mwambie anipigie mimi.

Karatasi za mwekezaji usizitie saini. Ijumaa baada ya sala njoo nazo, nizisome mwenyewe, mstari kwa mstari. Na cherehani yangu aliyoazima mama yako uje nayo pia. Nimeidai muda mrefu, na kikundi kinaihitaji.

Wassalaam,
Shangazi yako