Theluji tuliyoiacha nyumbani

Wapendwa vijana wa Xaveri na wa Kizito-Anuarite, na ninyi nyote wa mashirika yetu ya Beu, Butembo na Beni,

Kila juma simu yetu hupokea sauti za baadhi yenu. Mwatujulia hali, mwatuombea heri, na mwishoni huja swali lile lile: "Papa katekista, na sisi tufanyeje ili tufike huko Norwei?" Tumekawia kujibu, kwa sababu jibu fupi lingekuwa uongo, na jibu refu lilitutia haya. Leo tunalijaribu lile refu. Tukisema "sisi", tunasema juu ya nyumba moja: baba, mama na watoto watatu. Lakini kuna mahali ambapo "sisi" hiyo itakuwa ni baba peke yake anayejificha nyuma ya jamaa yake. Mtamtambua.

Kwanza mjue kwamba hatukuichagua Norwei. Mwishoni mwa mwaka 2014, mauaji yalipoenea katika vijiji vya pembeni mwa Beni, tulifunga chumba tulichokuwa tukifundishia katekisimu, tukavuka mpaka Kasindi na kuingia Uganda. Miaka mitano tulikaa katika kambi ya Kyaka II. Huko mkimbizi huandikwa, huhojiwa, huhojiwa tena, na hatimaye baadhi ya nchi hukubali kupokea familia kadhaa katika hesabu yao ya mwaka. Majina yetu yaliitwa kwa Norwei. Majirani zetu wa mlango wa pili, waliofika kambini kabla yetu na walioteseka kuliko sisi, wangali pale pale hadi leo. Kwa nini sisi na si wao, hatujui kuwajibu. Hatukumlipa mtu yeyote, kwa kuwa njia ile hailipiwi. Basi anayewauzia karatasi za safari ya namna hiyo anawaibia. Shikeni hilo, hata kama mtayasahau mengine yote.

Tulifika Novemba 2019, katika mji mdogo ulio mwendo wa karibu saa mbili kwa treni kaskazini mwa Trondheim. Kuhusu baridi hatutasema mengi. Watu wa milima ya Lubero twajua kuvaa sweta, na baridi ya huku hushindwa kwa nguo. Lililotuelemea ni giza. Mwezi wa Desemba jua huchomoza yapata saa nne asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limekwisha kutua. Juni nalo hukataa kulala hadi karibu na saa sita ya usiku. Mama wa nyumba hii, ambaye maisha yake yote aliamshwa na jogoo, hakujua tena sala ya asubuhi aianze lini.

Baada ya giza, kimya. Juma la kwanza tulimsalimu kila tuliyekutana naye njiani, kama inavyopasa, na wengi walishtuka. Katika basi, mtu angependa kusimama kuliko kuketi karibu na asiyemjua. Tulidhani tumewakosea. Kumbe kwao kumwachia mtu nafasi yake ni namna ya kumheshimu. Hilo tulilielewa kwa akili mapema, moyo ulichelewa. Jirani wa ghorofa ya chini alitujibu kwa kutikisa kichwa tu kwa zaidi ya miaka miwili. Kisha, siku moja baada ya theluji kuyeyuka, mwaka 2022, tangazo lilibandikwa mlangoni likiwa na neno "dugnad": siku wakaaji wote watokapo kufanya kazi ya pamoja bila malipo. Tulipofafanuliwa maana yake, mama alicheka kwa sauti: "Lakini hiyo ni salongo!" Na kweli ilikuwa salongo: reki, majembe, majani makavu ya mwaka uliopita, na mwisho kahawa na keki. Yule jirani alisimama karibu nasi akazungumza saa nzima juu ya viazi. Tulimweleza viazi vya Lubero, akatuuliza tunavipanda mwezi gani. Tangu siku ile hutusalimu kwa sauti.

Kanisani mambo ni madogo kuliko mnavyodhani. Wanorwei wengi wameandikwa katika Kanisa la Kilutheri, na Wakatoliki ni wachache, tena wengi wao ni wageni. Ninyi mliozoea Misa tatu za Dominika, watu wakisimama hadi uani, fikirini kanisa la watu arobaini: Wapolandi, Wafilipino, Waeritrea, Wavietnamu, na Wanorwei watano au sita. Hakuna ngoma. Miezi ya kwanza tuliimba polepole, tukiogopa kuwazidi wengine. Na ajabu ni kwamba nchi hii ilikuwa nchi ya mahujaji. Mfalme Olav aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030, na juu ya kaburi lake lilijengwa kanisa kubwa la Trondheim ambalo leo ni la Walutheri. Nasi huenda huko kila tarehe 29 Julai, sikukuu yake, tukatembea pamoja na watu wa kila dhehebu.

Ni katika kanisa hilo dogo tulipokutana na mama mmoja Mbrazili, aliyeolewa na Mnorwei. Alikuja kwa ndege, kwa mapenzi, si kwa kukimbia. Hata hivyo alituambia kwamba kipindi chake cha kwanza cha giza alilia kila jioni. Siku moja alitualika chakula, akatuandalia samaki wa chumvi. Mama alionja, akaweka uma chini, akatutazama: makayabu! Wala si mfano wa makayabu, bali makayabu yenyewe. Samaki hao huvuliwa katika bahari ya Norwei, hutiwa chumvi na kukaushwa, na kwa muda mrefu mji wa Ålesund umewauza nje: Ureno, Brazil, na hata Kongo. Makayabu tuliyokuwa tukinunua sokoni kwa sikukuu ya Noeli, tukidhani imetoka Kinshasa, ilikuwa imefanya safari yetu kinyume, kabla yetu, na bila kuhojiwa.

Tugeukie kazi. Diploma yetu ya pedagojia tuliikinga na mvua ndani ya mfuko wa plastiki tangu Beni hadi Kyaka, na tangu Kyaka hadi hapa. Nyuma yake kulikuwa na miaka 22 ya chaki na ubao. Tulielezwa, kwa upole, kwamba haitoshi. Hapa tangu mwaka 2017 anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi husoma miaka mitano ya chuo kikuu. Hatukulalamika, ila usiku ule hatukula. Tulianza masomo ya Kinorwei pamoja na wageni wenzetu, na mwaka wa pili tulipelekwa kujizoeza lugha katika shule ya chekechea. Fikirini mwalimu wenu, mzee wa miaka hamsini na kitu, ameketi juu ya kiti cha kimo cha goti, na mtoto wa miaka mitatu akimsahihisha matamshi. Watoto wale hutolewa nje kila siku, mvua inyeshe au theluji ianguke. Wadogo kabisa hulazwa usingizi nje, ndani ya vigari vyao, wamefunikwa manyoya ya kondoo. Mara ya kwanza tulitaka kukimbia kuwaingiza ndani. Walikuwa wamelala vizuri kuliko sisi.

Basi mchana tulikuwa wavumilivu kwa watoto wa wengine. Sasa tuseme ya nyumbani.

Kule kambini kulikuwa na uvumi kwamba Norwei huwanyang'anya wazazi watoto wao. Kabla ya safari tulifundishwa sheria: fimbo iliondolewa katika shule zao mwaka 1936, na tangu 1987 mzazi amekatazwa kumpiga mwanawe, leo hata kofi dogo limo katika katazo hilo. Tuliyaandika hayo daftarini kama mwanafunzi mwema, huku moyoni tukiendelea kuamini kwamba mcha mwana kulia, hulia yeye.

Mwezi wa pili wa mwaka 2021, mwana wetu wa katikati, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alirudi nyumbani kwa kuchelewa. Mama yake alimwuliza alikotoka. Alijibu kwa Kinorwei, upesi upesi, akijua kwamba mama hataelewa, na mdogo wake akacheka. Sisi, yaani baba, tulimpiga kofi. Kisha la pili. Hakulia. Alitutazama kama mtu atazamavyo mgeni aliyeingia bila kubisha.

Kesho yake alimweleza mwalimu wake, na mwalimu, kwa sheria, hana ruhusa ya kunyamaza. Watu wawili walifika nyumbani. Mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya mama wa pwani, yenye Kiswahili kizuri hata tukaona aibu maradufu. Mtoto hakuchukuliwa. Tuliitwa mara kadhaa kuzungumza, basi. Hatusemi kwamba uvumi wote ni uongo: wako wazazi waliotenganishwa na watoto wao, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, imekwisha kuipata Norwei na makosa katika kesi kadhaa za namna hiyo. Tunasema tu yaliyotupata sisi.

Katika mazungumzo yale mmoja wao aliuliza: "Wewe ulipopigwa ukiwa mtoto, ulijifunza nini?" Tulijibu mara moja: heshima. Akaandika. Hakubisha. Usiku ndipo jibu lilipoanza kutusumbua.

Tulimkumbuka mwanafunzi mmoja wa darasa la tano, huko Butembo. Tulimchapa mbele ya wenzake kwa ajili ya vitenzi vya Kifaransa, hata akavisema sawasawa. Tulijivuna: fimbo imefundisha. Lakini mwaka mzima uliosalia hakuinua tena kidole kujibu swali lolote, nasi tulimhesabu kuwa ametulia. Jina lake tunalikumbuka, wala hatuliandiki hapa. Sasa ni mtu mzima. Yawezekana ni baba au mjomba wa mmoja wenu mnaosoma ukurasa huu katika shirika. Kama utamfikia, mwambieni kwamba mwalimu wake anamwomba msamaha, na kwamba hamdai jibu.

Msidhani tumegeuka Wanorwei. Tunawaona wazee wanaokula Noeli peke yao, na watoto waondokao nyumbani wakitimiza miaka kumi na minane kana kwamba nyumba inaungua, na hatutamani hayo. Lakini katika hili la fimbo tulikuwa tumekosea, na tulikosea kwanza nyumbani kwetu, kabla ya kuvuka mpaka wowote.

Kumwomba mwana msamaha hatukufundishwa. Katika ujana wetu hatukusikia baba yeyote akilifanya hilo, na kwa Kinande hatukujua hata neno la kuanzia. Tulilifanya kwa Kiswahili, mezani jikoni, mama akiwa amesimama mlangoni. Mtoto alisema: "Sawa." Kisha kwa wiki saba hakuzungumza nasi ila Kinorwei. Alikuwa na adabu, hakutukosea kwa lolote, lakini lugha yetu aliiweka kando kama nguo iliyombana.

Jioni moja ya mwezi wa tatu, theluji ikianguka bado, alikuja na daftari. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi: kila mtoto alete neno la "theluji" katika lugha ya wazee wake. Wale wanaotoka nchi za joto, alisema, wanaweza kuchagua neno lingine. Mtoto alisimama akatuuliza, kwa Kiswahili: "Papa, sisi hatuna, siyo?"

Mama alijibu kabla yetu: "Tunayo. Nzururu."

Hakuamini. Ikabidi tumweleze Ruwenzori, ambao aliuacha akiwa na miaka mitano: jinsi ambavyo asubuhi, kabla ya mawingu, kutoka Mutwanga na hata kutoka Beni, mlima huonekana wenye nyeupe juu yake, jinsi kilele chake, Margherita, kinavyofikia mita 5,109, na jinsi ndugu zetu Wakonzo, ng'ambo ya Uganda, walivyoiita nchi yao Rwenzururu kwa ajili ya theluji hiyo. Alitafuta picha katika simu, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akataka aandikiwe. Tuliandika nyuma ya bahasha. Aliitamka vibaya, tukaitamka tena, akairudia mara tatu, akainakili daftarini kwa kalamu ya bluu.

Akauliza kama kuna neno jingine la theluji inayoyeyuka. Hatukulijua. Tulimpigia simu bibi yake huko Butembo, tukampa mtoto aulize mwenyewe. Bibi alicheka kwanza, kisha akamwuliza kama amekula.