Saa 11 Addis: Usikae Tu Hapo Ukilinda Begi

Wacha niwaambie kitu ambacho hakuna mtu aliniambia. Ukiwa na pasipoti ya Kenya na ndege yako inasimama Addis Ababa siku nzima, huna haja ya kulala kwa kiti ukikumbatia begi. Mkenya haitaji viza kuingia Ethiopia. Unaenda kwa foleni ya uhamiaji, unagongewa muhuri, unatoka nje. Ni hivyo tu.

Mimi nilijua kwa sababu nilikaa usiku mzima nikisoma. Nilikuwa naenda Cairo kwa mafunzo ya watengeneza maudhui, safari yangu ya kwanza nje ya nchi, na tiketi ya bei rahisi ndiyo hiyo: unafika Addis saa tano asubuhi, unatoka saa nne usiku. Saa 11. Mama aliniambia, "Kaa mahali pamoja, usiongee na watu." Mama ni mama.

Kwa ndege nilikaa na msichana wa Bungoma. Miaka 21, mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Alikuwa anaenda Riyadh kufanya kazi ya nyumba, na ndege yake pia ilikuwa ya usiku. Nyuma yetu kulikuwa na wengine kama sita, wote na fulana za rangi moja. Mama mmoja upande wa pili akanicheki akaniuliza, "Na wewe ni Saudi?" Nikajibu haraka sana, "Hapana, mimi naenda mafunzo." Vile nilijibu ndiyo ilinisumbua baadaye. Ni kama alikuwa amenitusi.

Tulipofika Bole nikamwambia twende tuone mji. Akanitazama kama mtu wazimu. "Dada, ejenti alisema tusitoke hapa. Ukitoka wanakuacha." Nikamuonyesha simu, nikamuelezea mambo ya muhuri. Akatingisha kichwa, akakaa kwa kiti karibu na choo, begi magotini. Nikaenda.

Sasa, Addis. Kitu cha kwanza: pumzi. Huu mji uko juu kuliko Nairobi, zaidi ya mita 2,300, na ukipanda kilima kidogo tu unahema kama umekimbizwa na kanjo. Cha pili: saa. Nilipanda teksi, dereva akaniambia kwa Kiingereza nirudi "at nine". Simu yangu ilikuwa inasoma saa saba mchana. Nikafikiria anamaanisha usiku, nitaachwa na ndege! Kumbe wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua likichomoza. Tisa yake ni saa tisa yetu ya mchana. Miaka yote shuleni tunafundishwa kutafsiri saa zetu ndiyo zikubalike kwa Kiingereza, halafu unapata nchi nzima inaishi nazo bila kuomba msamaha.

Kalenda ndiyo tofauti. Yao ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au nane. Nikapiga hesabu nikacheka peke yangu: kwa kalenda ya huku, mimi bado niko sekondari. Bado sijaingia chuo. Bado sijaacha.

Nilienda Makumbusho ya Taifa kumuona Lucy, ile mifupa iliyopatikana Hadar mwaka wa 1974, ya miaka kama milioni 3.2. Waethiopia wanamwita Dinkinesh, yaani wewe ni wa ajabu. Ni mdogo kweli, urefu kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Nikachukua vidio yangu, nikatembea kupanda Sidist Kilo, nikanunua makiyato, nikakaa mahali naona lango la Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Kabla ya kuwa chuo, hapo ndani palikuwa jumba la Haile Selassie. Wanafunzi walikuwa wanatoka na mabegi, wanacheka, wengine wanabishana na makaratasi mkononi.

Mnajua mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nimewaambia sababu hapa mara nyingi, na sijabadilisha mawazo. Maneno ya vidio yalikuwa tayari kichwani: "Hii ndiyo chuo yangu, dunia." Ingepata watazamaji wengi, najua. Nikaiandika, nikaihifadhi.

Nilirudi uwanjani saa tatu kabla ya ndege, na nawashauri mfanye hivyo, kwa sababu mizigo inakaguliwa mlangoni kabla hata hujaingia ndani. Dada wa Bungoma alikuwa kwa kiti kile kile. Hajala. Nilikuwa nimembebea mkate. Akaushika akaniuliza, "Ulitoka kweli? Na wakakurudisha?"

Akaomba kuona vidio. Lucy hakumshtua. Lile lango ndilo lilimsimamisha. "Hapa ni shule?" Chuo, nikamwambia. Akanyamaza, halafu: "Mimi nilipata C+. Nikaitwa chuo. Pesa ndiyo ilikosa." Akaniuliza mimi nilisomea nini. Ningeweza kudanganya. Nikamwambia niliacha. "Kwa nini? Karo?" Nikasema hapana, niliona haina maana kwangu. Hakunihukumu. Alisema tu, "Aah," akaendelea kumega mkate. Nikaenda kwa simu nikafuta yale maneno.

Sijasema ninajuta kuacha chuo. Ninasema kuna mlango nilitoka nikiufunga kwa madaha, na mwenzangu amesimama nje yake akitafuta nauli. Hata ule wa Bole ni hivyo. Pasipoti zetu zilikuwa sawa, rangi moja, haki moja. Yangu ilikuwa mfukoni mwangu na nilijua inafanya nini. Yake ilikuwa kwa bahasha ya kundi, imeshikwa na mwenzao aliyeambiwa awachunge.

Kwa hivyo ukipata saa nyingi za kusubiri: soma mapema kama unaruhusiwa kutoka. Uliza kama tiketi yako ina chakula au hoteli, kuuliza ni bure. Badilisha pesa kidogo tu. Tembea na kibali chako cha kupanda ndege. Na ukikaa na msichana anayeenda kazi Ghuba, muulize kama ana nakala ya pasipoti yake na ya mkataba, na umsaidie kuzipiga picha na kuzituma nyumbani.

Mimi hilo la mwisho nililifikiria nikiwa hewani, naelekea Cairo. Nilikuwa na saa 11. Nilirekodi mifupa ya miaka milioni tatu, na sikuchukua hata namba yake.