Mtoto alikutwa na risasi kwenye damu

Ujumbe wa sauti uliingia saa sita usiku. Ulitoka kwa dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa na kuishi Ohio, Marekani. "Mdogo wangu, nimetoka kliniki. Mtoto amekutwa na risasi."

Niliruka kitandani. Habari za watu kupigwa risasi Marekani tunazisikia kila mwaka. Nikapiga simu huku mikono ikitetemeka. "Amepigwa wapi? Yuko hai?" Dada akanyamaza, halafu akacheka na kulia kwa wakati mmoja. "Siyo hiyo. Risasi ya kwenye damu. Yale madini."

Kiswahili kina neno moja kwa vitu hivyo viwili: madini laini ya kijivu, na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Usiku ule nililaumu neno lenyewe. Siku chache baadaye niligundua kwamba, kwa mtoto huyu, vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja.

Dada na mumewe wanaishi kwa baba mkwe, mzee mstaafu mpole ambaye dada humwita Baba. Mzee ana bunduki ya zamani aina ya Winchester 1873 aliyorithi kwa babu yake. Inatumia risasi ndogo iitwayo 32-20, iliyoanza kuuzwa mwaka 1882. Upana wake haufiki milimita 8, na enzi hizo watu waliitumia kuwindia wanyama wadogo. Leo risasi zake madukani ni adimu na ni ghali, kwa hiyo wenye bunduki hizo hujitengenezea wenyewe.

Nilimwona akifanya kazi hiyo nilipowatembelea, miezi mitatu kabla ya simu ile. Alikuwa na meza yake kwenye chumba kilicho chini ya nyumba. Aliokota maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, akang'oa fataki kuukuu kwenye kitako, akayasafisha ndani ya mashine inayozunguka iliyojaa maganda ya jozi yaliyosagwa. Kisha aliweka fataki mpya, akapima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, akashindilia kichwa cha risasi juu yake. Vichwa hivyo alivitengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya risasi kwenye chungu cha umeme na kumimina kwenye kalibu.

Nilivutiwa. Mzee alifanya kila kitu polepole na kwa usahihi. Bunduki ilifungiwa kabatini, baruti mbali na moto, funguo mfukoni mwake. Nikasema moyoni, huyu ni mtu makini.

Naandika habari za afya, na risasi nimewahi kuiandikia. Lakini siku ile niliketi kando ya meza ile nikitafuna karanga. Mzee alipomaliza, alijifuta mikono kwenye suruali, akapanda ngazi, akambeba mjukuu wake. Mtoto akamnyonya kidole. Mimi nikawapiga picha.

Kipimo cha kwanza cha mtoto kilikuwa cha tone la damu la kidoleni. Walirudia kwa damu ya mshipa, wakapata mikrogramu 9 kwa desilita. Tangu mwaka 2021, Marekani hutaka hatua zichukuliwe mtoto akifikisha 3.5. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Mhudumu wa afya alifika nyumbani. Kwanza aliuliza nyumba imejengwa lini, kwa sababu rangi zenye risasi zilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978. Nyumba yao ni ya miaka ya tisini. Halafu akauliza kama kuna mtu ambaye kazi yake au burudani yake inagusa risasi. Dada aliniambia kwamba hapo miguu ilimwisha nguvu.

Mkosaji alikuwa vumbi. Fataki nyingi zina risasi ndani yake, na bunduki ikilia mabaki hubaki kwenye ganda. Mashine ya kusafishia huyageuza kuwa vumbi jepesi. Chungu cha kuyeyushia nacho huacha unga wa takataka. Vumbi hilo lilipanda ngazi na viatu, suruali na mikono ya babu, likatua kwenye zulia ambalo mtoto alilitambaa kutwa, vidole mdomoni. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Huathiri ubongo unaokua: usikivu, kujifunza, tabia. Na mara nyingi hakuna dalili. Mtoto wetu alikuwa anakula, anacheka, anacheza.

Kazi ngumu ilibaki: kumwambia mkwe. Dada alihofia neno lake lingesikika kama shutuma kwa mtu aliyewapa paa. Alimwonyesha karatasi ya majibu bila kusema kitu. Mzee aliisoma mara mbili, akashuka chini, na hakupanda hadi usiku.

Kesho yake alihamishia meza kibandani nyuma ya nyumba. Aliacha kuyeyusha, sasa hununua vichwa vilivyokwisha kutengenezwa. Zulia lilitupwa, sakafu ikawa inapigwa deki, haifagiliwi. Nguo za kibandani hazichanganywi na za mtoto. Mtoto aliongezewa vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, kwa sababu upungufu wake huufanya mwili ufyonze risasi zaidi. Dawa za kuiondoa mwilini kwa kawaida hufikiriwa kuanzia 45, hivyo tiba yake ilikuwa kuondoa chanzo na kusubiri. Miezi mitatu baadaye alikuwa na 6. Mara ya mwisho, 3.

Mzazi unayesoma hapa nyumbani, huenda huna bunduki. Lakini baba anayefungua betri mbovu za gari, mjomba anayeyeyusha chubwi za nyavu, fundi anayelehemu sebuleni, mwenye gobore anayejitengenezea risasi zake: wote hushika madini yaleyale. Kazi hiyo ifanyike mbali na nyumba, na kamwe si kwa sufuria ya jikoni. Mikono ioshwe kwa sabuni na nguo zibadilishwe kabla ya kumbeba mtoto. Mama mjamzito akae mbali kabisa, kwani risasi humfikia mtoto tumboni.

Mtoto wa dada sasa ana miaka miwili. Wiki iliyopita, kwenye simu ya video, nilimwona akimkimbilia babu aliyekuwa akitoka kibandani. Mzee aliinua mikono juu, akamzunguka, akaenda kwanza kuoga.